Kona ya Usoke

Masika mawili yamepita juu ya reli ya baba
na hakuna aliyeigusa.
Mchwa wamekula mataruma kuanzia Igalula,
wameacha maganda tu: ukibonyeza kwa kidole
taruma linakuwa unga.
Kuku wa Mama Tausi wamepekua kokoto za Goweko
hadi mlango wa choo.
Stesheni ya Malagarasi, tofali moja lililopakwa chokaa,
imelala kifudifudi.

Nina likizo ya siku tisa.
Wenzangu wodini Kitete wakaniuliza, unakwenda wapi, Nyamizi?
Nikawajibu: nabaki nyumbani, Isevya, nitandike njia.
Wakacheka, wakadhani fumbo.
Lakini kutandika ndiyo kazi yangu,
vitanda thelathini kabla ya chai,
shuka imevutwa, kona zimekunjwa.

Nimeng'oa yote. Nimechekecha kokoto kwa chekeche la unga,
Mungu anisamehe, nitaliosha.
Mataruma mapya nimechongesha kwa Kapela seremala,
mia mbili na arobaini, mninga mtupu.
Akauliza ni ya kitanda cha nani, kidogo namna hii.
Kipimo cha baba nimekikuta kwenye kasha,
kijiti chenye alama mbili za kisu,
na chini yake viberiti vitatu, vijiti bila vichwa.

Hivyo nilivijua.
Kati ya pau na pau unaweka kijiti, unakaza nati, unakichomoa.
"Hiyo ni nafasi ya jua," alikuwa akisema.
"Chuma nacho kina pumzi. Ukizibana,
Oktoba saa saba mchana moja itanyanyuka
na hutaipata aliyeanza."

Siku ya nne nikafika Usoke.
Hapo njia yake inajipinda bila sababu:
hakuna mti, hakuna mwamba,
uwanja umelala kama meza,
nayo inatoka tumbo kulia
kama mtu anayekwepa dimbwi lililokauka.
Miaka thelathini na moja mnyapara wa gengi,
mtu aliyechuchumaa, akafumba jicho moja,
akaona reli iliyozama nusu inchi huko mbele;
huyo ndiye aliyepinda hivi?
Nikasema ni uzee. Nikavuta kamba,
nikainyoosha.

Jembe likagonga.
Jiwe. La pili. La tatu.
Nikafuta udongo kwa kanga:
masizi, bado meusi,
yakanishika vidole kama ya jana.

Nilikuwa na miaka minne
mama alipopanda treni ya Alhamisi kwenda Kigoma.
Nakumbuka kikapu, na kisigino kimoja kwenye ngazi ya behewa.
Jiko likahamia ndani, tukala ugali wa baba,
mgumu upande mmoja.
Jina lake hakulitaja tena.
Na reli yake hakuipitisha juu ya mafiga yake.

Nimerudisha udongo.
Nimekunja kamba nikaitupa.
Pau nimezipinda upya juu ya goti, moja moja,
na goti limevimba, muuguzi mzima sina hata barafu.

Doto wa jirani amekaa juu ya ndoo, ananisimamia.
"Shangazi, mbona hapa umepindisha?"
"Kuna jiko."
"Mbona silioni?"
"Ndiyo maana nimepindisha."
Akatikisa kichwa. Kule nyuma ya Ipuli, akasema,
wanajenga reli mpya, hiyo imenyooka.

Jioni tukaweka kichwa cha bati,
betri nne za redio tumboni, mabehewa mawili ya kopo la maziwa.
Kikatoka Tabora kikinguruma kama nyuki kwenye mzinga,
kikafika konani,
kikaegemea,
na behewa la nyuma likaanguka ubavu.

Doto akaruka kulichukua. Nikamwambia liache.
Kwenye kona reli ya nje huinuliwa kidogo,
unene wa kijiti kimoja, labda viwili.
Hilo baba alinifundisha.
Kesho. Leo mwanga umekwisha.